Spika Zote Mbili za Kulia

Binti yangu amepitia maandishi haya na kuzipanga r na l mahali pake, kwa hiyo mkiona zimekaa sawasawa msinisifu mimi. Mimi nilizaliwa upande wa Ngara, nikahamia Nyarubungo, huku Biharamulo, nikiwa kijana wa kutafuta shamba, na mdomo wangu nilihama nao. Kwetu herufi hizo mbili hatuzigombanishi. Nikiwa darasa la kwanza mwalimu alinichapa kwa sababu nilimwambia nimesahau karamu nyumbani. Akasema karamu ni sherehe, haisahauliki. Darasa la pili akanichapa kwa jambo lile lile, ila safari hiyo ilikuwa kura na kula. Darasa la tatu nikaacha shule nikaenda kuchunga mbuzi, ambao ukiwaita vyovyote wanakuja, au hawaji, lakini si kwa sababu ya herufi.

Niliondoka shuleni na uamuzi wangu mwenyewe: kwamba l na r ni herufi moja yenye mashati mawili, moja la shambani na moja la kanisani. Uamuzi huo ulinitosha miaka mingi. Nimeoa nao, nimelima nao, nimeuza maharage nao. Ulikuja kunigeuka siku niliponunua mashine ya muziki, na hata siku hiyo haukunigeuka mara moja. Ulingoja.

Mashine niliipata Ngara. Kulikuwa na shirika lililokuwa likihudumia wakimbizi, likafunga ofisi na kuuza vitu vyake uani. Watu waligombania magodoro, majenereta na viti. Mimi nilikuwa nimetumwa na mke wangu kutafuta bati za jikoni. Kwenye kona nikaona amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, deki ya kanda, na spika mbili za mbao, kila moja urefu wa mtoto anayeanza shule. Hakuna aliyezitaka, kwa sababu hazikuwa na taa za kuwakawaka. Watu wa kwetu wanapenda redio inayowaka rangi kama duka la simu. Yule aliyekuwa akiuza akaona nimesimama, akaweka kanda ili nijue zinafanya kazi.

Sasa hapo ndipo niliposhikwa. Lilikuwa gitaa. Gitaa nimelisikia maisha yangu yote, kwenye redio ndogo, kwenye baa, kwenye harusi. Lakini pale nilisikia kidole. Nilisikia kidole cha mtu kikiteleza kwenye waya kabla hajaupiga. Nikageuka kuangalia kama yupo nyuma yangu. Hakuwepo. Nikasahau bati, na mvua za mwaka ule zilituingia jikoni mpaka kwenye chungu. Mke wangu ni mtu wa kusamehe, lakini hilo ameliweka pembeni kwa matumizi ya baadaye.

Waya za kuunganishia zilibaki Ngara au zilidondoka njiani, sijui. Nilipofika nyumbani nikaigeuza deki nione mgongo wake. Kulikuwa na matundu mawili ya kutolea sauti, moja limeandikwa L na jingine R. Nikacheka peke yangu. Nikasema, aliyetengeneza hii ni mtu mwema, anajua duniani kuna watu kama sisi: anayesema L achomeke hapa, anayesema R achomeke pale, wasipigane. Mimi nikachagua R, maana ndiyo inayonijia mdomoni bila kutafutwa. Nikachukua waya mmoja, nikauchomeka hapo, mbele nikautia matawi mawili yaingie kwenye amplifaya, na spika zote mbili zikaamka. Lile tundu la L nikalihesabu kuwa la akiba. Na kwa kuwa mende wa nyumba yetu wanapenda mahali penye joto, nikaliziba kwa nta ya nyuki, nikalisawazisha kwa kidole mpaka likawa laini. Ilikuwa kazi safi. Nilijisifu nayo.

Basi nikaanza kujifunza. Sikuwa na mwalimu, na kwa historia yangu na walimu sikumtafuta. Ndani ya boksi la amplifaya nilikuta kijitabu cha Kizungu, maneno yake sikuyasoma hata moja, lakini kilikuwa na picha. Picha moja ilionyesha mzungu amekaa kwenye kiti, spika mbili mbele yake, na mistari inatoka kwenye spika kuja kwake mpaka inafanya umbo kama paa la nyumba. Nikaielewa: mtu anatakiwa kukaa kwenye ncha ya paa. Nikapima sebule kwa kamba ya mbuzi, nikakiweka kiti changu kwenye ncha. Lakini mimi ni mtu wa kufuata maelekezo yote, siyo nusu. Yule mzungu alikuwa amefumba macho, nami nikafumba. Alikuwa amevaa ndala za manyoya, nami nikavaa soksi. Karibu na kiti chake kulikuwa na mbwa amelala. Mimi sina mbwa. Nikaazima wa jirani, akalala vizuri mpaka besi ilipoanza, akatoka na pazia shingoni, na jirani hakuniazima kitu kingine isipokuwa kinu, na hicho nitakieleza.

Spika ukiziweka sakafuni, sauti inakuwa nzito kama mtu anayeongea na ugali mdomoni. Hilo niligundua mwenyewe, kwa kulala chini na kuinuka, kulala na kuinuka, mpaka mke wangu akauliza kama nimebadili dini. Zinataka kuinuliwa zifike usawa wa sikio. Nilijaribu viti, vikatetemeka. Nilijaribu makreti ya soda, yakalia yenyewe. Mwisho nikapindua kinu. Kinu cha mti mgumu kikipinduliwa hakitikisiki hata kidogo, na spika juu yake inatulia kama kuku aliyeatamia. Kimoja kilikuwa chetu, cha pili ndicho nilichoazima kwa jirani. Kwa hiyo kisamvu cha nyumbani kwetu kilianza kukatwakatwa kwa kisu, na mimi nikawa nakila bila kusema neno, kwa sababu nilijua kosa ni la nani.

Wageni wakija nilikuwa nawafundisha. Niliwaambia redio ndogo inakutupia muziki kama pumba, mashine kubwa inakupa punje moja moja. Niliwaonyesha kidole cha mpiga gitaa. Wengine walikisikia, wengine walisema wamekisikia ili chai ije. Nyimbo zenyewe zilinijia na mapengo ya hapa na pale: gitaa linaanza kuzungumza, linaacha katikati, ngoma inapigwa kama mpigaji ana mkono mmoja. Nikadhani ndio utamu wenyewe. Nikawa nawaambia watu kwamba wanamuziki wakubwa hawasemi kila kitu, wanakuachia na wewe sehemu yako. Nilisema hivyo hata mbele ya katekista, naye akatikisa kichwa kwa heshima.

Sasa niingie kwa mke wangu, maana habari hii ni yake.

Mke wangu ni mtu wa Nyakisasa. Kabla sijamuoa alikuwa akiimba kwaya ya kwao, na kwaya hiyo ilisafiri mpaka Mwanza kurekodi kanda. Kwenye kanda hiyo kuna wimbo ambao wanaume wanauliza, "Nani amebaki hekaluni?" Halafu wote wananyamaza, na sauti moja ya mwanamke, peke yake, inajibu, "Nipo, Bwana, nipo." Mwanamke huyo, mke wangu alisema, ni yeye. Alisema hivyo siku nilipokwenda kujitambulisha kwao, alisema siku ya harusi, na amekuwa akisema tangu hapo. Kanda yake aliiazimisha, ikazunguka Ngara nzima ikapotelea huko. Mimi sikuwahi kuisikia. Lakini "nipo" niliijua, kwa sababu ilikuwa sauti ya nyumba yetu. Nikirudi shambani nikiita uani, "Mama, upo?" inatoka jikoni kwa kuimba: "Nipo, Bwana, nipo." Watoto wote wamekua kwenye hiyo.

Tatizo ni kwamba kwenye kwaya wanawake walikuwa wengi, na muda umepita. Yuko mmoja aliyeolewa Nyabusozi, naye huko anasema aliyejibu ni yeye. Waliobaki hawakumbuki vizuri. Sasa kwaya ya Nyakisasa ikaamua kufanya jubilei, na mwenyekiti wake wa siku hizi ni mke wa kaka wa mke wangu, yaani wifi yake, mwanamke mcheshi mwenye ulimi wa kukwangua sufuria. Kwenye maandalizi wakakuta kanda moja chini ya sanduku la marehemu mwalimu wa kwaya. Wakakata shauri: wimbo ule utaimbwa tena siku ya jubilei, na atakayesimama mbele ya watu wote kujibu ni yule anayesikika kwenye kanda. Wataisikiliza, sauti itajulikana, ubishi utakwisha. Ila redio zote za siku hizi ni za flashi na memori. Mashine ya kupiga kanda, tena mashine ya kueleweka, ilikuwa kwa nani? Kwangu.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, wifi, shemeji yangu na akina mama watatu wa kwaya. Mke wangu alichinja kuku wawili, akavaa gauni lake la kitenge kipya, akakaa karibu na kabati mikono magotini kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nikawaeleza kwanza kuhusu vinu, paa na kufumba macho. Wifi akasema, "Shemeji, tumesikia, sasa weka kanda kabla hatujazeeka zaidi."

Nikaweka. Wanaume wakaingia wakiwa safi kabisa, mpaka ukasikia mmoja wao ana mafua. Wakauliza, "Nani amebaki hekaluni?"

Kimya. Kanda ikawa inasema shshsh, kama mvua ya mbali.

Wakauliza tena, "Nani amebaki hekaluni?"

Shshsh.

Shemeji yangu akakohoa. "Labda hawakubaki," akasema.

"Ongeza sauti," mke wangu akaniambia.

Nikaongeza. Wanaume wakauliza kwa nguvu mpaka vikombe vikagongana kabatini, na hakuna mtu aliyewajibu. Wimbo mzima ulikwisha hivyo, wanaume wazima wakiuliza na kunyamaziwa, kama wamekuja kudai kodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Wifi akamgeukia mke wangu taratibu. "Wifi yangu, hebu nisaidie. Mwanza mlikwenda kuimba, au wewe ulikwenda kuwashikia wenzako mikoba?"

Akina mama wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Mke wangu akasema, "Niliimba. Labda mashine imenikosa."

Sasa hapo mtu mwenye akili angenyamaza au angemwagia chai mtu. Mimi nikajibu. Nikasema, tena kwa sauti ya mwalimu, "Hapana, mama. Mashine hii haimkosi mtu. Kila kilichomo kwenye kanda inakitoa."

Aliniangalia kama anavyomwangalia kuku aliyepanda mezani.

Wageni waliondoka, kanda wakaisahau kwenye mashine. Mke wangu hakugomba. Nilitamani agombe. Alisema tu kwamba Nyakisasa hatakwenda, wamwalike yule wa Nyabusozi. Halafu akachukua vitambaa vyake vya kufuma, vyenye maua na ndege, akaifunika mashine yote, amplifaya, deki na spika, kama watu wanavyofunika maiti. Kesho yake nikarudi shambani, nikaita uani kama kawaida, "Mama, upo?"

Kutoka jikoni sauti ikasema, "Unataka nini."

Na siku iliyofuata hivyo hivyo. "Mama, upo?" "Unataka nini." Sikujua nyumba inaweza kuwa na kimya cha namna hiyo wakati watu wanazungumza. Nikaona hapana. Kama yumo ndani ya kanda ile, nitamtoa. Siku ya jubilei ilikuwa inakaribia, na mimi si nilisema mashine yangu haimkosi mtu?

Nikaanza kumtafuta, mchana navua vitambaa, jioni yeye anavirudisha. Fundi wa redio aliwahi kuniambia kwamba kichwa cha deki hushika uchafu na husafishwa kwa spiriti. Spiriti sikuwa nayo, nikatumia gongo. Tone moja kwenye pamba lilitosha kichwa, na chupa iliyobaki haikuwa vizuri kuiacha wazi, ingepoteza nguvu. Alasiri hiyo nilimsikia mke wangu mara kadhaa kwenye kanda, pamoja na marehemu baba yangu, ambaye hakuwahi kuwa kwenye kwaya. Kesho yake nikasikiliza tena nikiwa mzima, hakuwepo.

Nikabandika trei za mayai ukutani, kwa sababu nilikuwa nimeona kwenye simu ya mtu kwamba sauti ikigonga ukuta mtupu inapotea. Kuku wakaziona, wakaanza kuingia sebuleni kutafuta namna ya kuzipanda. Nikasogeza vinu mbele, nikavirudisha nyuma. Nikaweka kiti kwenye ncha ya paa, nikakitoa. Nikaweka sikio kwenye spika hii, nikaenda kwenye ile. Kila nilichofanya kilisaidia. Yule mwenye mafua nilimsikia akimeza mate. Nilisikia kiatu cha mtu, nilisikia karatasi ikifunuliwa. Kila kitu cha siku ile ya Mwanza kilikuja mpaka sebuleni kwangu isipokuwa mke wangu.

Mwenyewe alikuwa anapita na ufagio. Siku moja akasimama. "Unamtafuta nani humo?"

"Wewe."

"Mimi niko huku," akasema, akafagia kuzunguka miguu yangu.

Mwisho nikafikia uamuzi kwamba waya wangu ni mwembamba. Sauti ya mwanamke ni nyembamba lakini ndefu, labda inakwama njiani. Nikapanda baiskeli kwenda Biharamulo mjini kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme, viatu na vitu vingine vyote. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Tunajuana siku nyingi, na siku zote hizo ananichokoza kwa ajili ya ulimi wangu.

"Karibu, mtu wa Nyarubungo," akasema. "Juzi mwenzako alikuja hapa kununua mpila. Nikamwambia mpila sina, nina mpira."

"Ulikuwa nao," nikamwambia. "Tatizo unautamka vibaya ndiyo maana hauuziki."

Akacheka, akanimiminia kahawa. Nikamwambia nataka waya mnene wa kutoka kwenye deki kwenda kwenye amplifaya, mmoja. Akashusha waya kutoka kwenye msumari, na zilikuwa mbili zimeshikana, nyekundu na nyeupe.

"Hizi ni pacha," akasema. "Siuzi mmoja."

"Wa pili wa nini? Tundu linalotumika ni moja. Lile lingine la akiba."

"La akiba? Nani kakwambia?"

"Si ni herufi ile ile."

Akaweka kikombe chini. "Ngoja kwanza. Spika ya kulia inalia?"

"Inalia."

"Na ya kushoto?"

"Hiyo nyingine? Nayo ni ya kulia. Zote za kulia. Isingekuwa ya kulia ningeinunulia nini?"

"Nakuuliza mkono, bwana. Mkono wa kulia."

"Spika haina mkono."

Akanitazama, akatazama darini, kama mtu anayeomba apewe subira palepale. Akachukua zile spika ndogo za masikioni za simu, akanionyesha herufi ndogo iliyochongwa pembeni. "Soma hii."

"Ere."

"Na hii?"

"Ere."

"Ni moja?"

"Ni moja. Hiyo imevaa shati lingine."

Alicheka mpaka mteja aliyekuwa anachagua kufuli akatoka nje kuangalia kuna nini. Halafu akashusha kandambili, akaziweka mezani, moja akaisogeza huku, moja kule. "Mzee mwenzangu, sikiliza. Herufi zile ni za Kizungu. R ni upande wa kulia, mkono unaolia... aka, umeniambukiza. Mkono unaolia chakula. L ni kushoto."

"L ndiyo ya kulia," nikamwambia. "Kulia lina L katikati, hata mimi nalijua hilo."

"Kizungu, nimesema. Umeivalisha mashine yako kandambili mbili za mguu mmoja. Kila upande una watu wake. Wakati wa kurekodi, hawa wanawekwa huku, hawa wanawekwa kule. Wewe umechukua wa kulia ukawaweka kwenye spika zote mbili, na wa kushoto umewaacha."

"Watu gani walioachwa?"

"Mimi nitajuaje? Waliokuwepo."

Hapo kahawa ikanipoa mkononi. Nikawaona wale wanaume wakiuliza. Nikaona kimya kile chote. Nikasema, "Mke wangu."

"Mke wako amefanya nini?"

"Yuko kwenye tundu la akiba. Nimemziba kwa nta."

Yule mzee hakucheka. Alizifunga zile waya kwenye karatasi, nyekundu na nyeupe, akanipa. "Basi usikae," akasema. "Nenda kamfungulie."

Kupanda mlima kwa baiskeli na umri huu si mchezo, lakini sikumbuki niliushuka wapi. Nilimkuta uani anapiga maharage kwa fimbo, maganda yamemjaa kitambaani. Nikamsalimia, akaendelea kupiga. Nikaingia ndani, nikavua vile vitambaa vyenye ndege, nikageuza deki. Nta ilikuwa imekaa imara, kama nilivyosema ilikuwa kazi safi. Nikaichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia, nikalifuta tundu kwa pembe ya shati. Nyekundu kwenye R, nyeupe kwenye L, huku na kule vivyo hivyo. Sikukaa kwenye kiti. Niliweka kanda nikasimama.

Wanaume wakaingia, lakini sasa walikuwa upande mmoja tu, upande wa dirisha, wamejikusanya kule. Wakauliza, "Nani amebaki hekaluni?"

Na kutoka upande wa kabati, pale pale alipokaa ile Jumapili na gauni lake jipya, sauti ikasema, "Nipo, Bwana, nipo."

Ilikuwa sauti ya msichana. Mimi yule msichana sikuwahi kumjua. Nilimkuta baadaye, akiwa tayari na msimamo. Alikuwa na sauti nyembamba inayotetemeka kidogo mwanzoni halafu inasimama. Lakini "nipo" ilikuwa ile ile ya jikoni kwangu, huwezi kuikosea.

Fimbo nje ikanyamaza.

Akaingia na maganda yake kichwani. Wanaume wakauliza mara ya pili, na yeye akajijibu kutoka kwenye kinu. Akasimama akisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Halafu akavuta kiti changu, akakitoa kwenye ncha ya paa, akakiweka mbele ya spika ya kushoto kabisa, akakaa.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Nikaona ndiyo nafasi ya kueleza. "Unaona, mama, lile tundu la pili, mimi nilidhani..."

"Nyamaza, mzee," akasema. "Naimba."

Aliirudisha mara nyingi. Kwenye mojawapo akakunja uso. "Hapo nilichelewa kuingia. Mwalimu wa kwaya alinigombeza, akasema liache hivyo hivyo, kanda inaisha."

Nikampigia simu wifi yake Nyakisasa. Nikamwambia nyamaza usikilize, nikaiweka simu kwenye spika ya kushoto, karibu kabisa, ili asije akasema hajasikia. Wimbo ulipokwisha nikairudisha sikioni.

"Shemeji," wifi akasema. "Nimemsikia wifi yangu. Ni yeye, na hata kutetemeka ni kwake. Ila nieleze jambo moja: mbona anajibu na hakuna anayemuuliza? Wanaume mmewapeleka wapi?"

Mke wangu akaninyang'anya simu. "Wapo spika ya kulia," akasema. "Ukitaka kuwasikia njoo tena huku kwangu, na uje umevaa adabu. Na hicho kitambaa cha sare kata kikubwa, nimenenepa tangu Mwanza."

Tulikwenda Nyakisasa. Kanisa lilijaa, na mimi nilitafuta benchi la upande wa kushoto, kwa sababu sasa najua. Yule wa Nyabusozi alikuwepo pia, akapiga vigelegele kuliko wote, nami nikaona ana moyo. Mke wangu akatoka akasimama mbele peke yake, sare mpya imemkaa. Wanaume wakauliza swali lao. Kukawa kimya, na kimya kikarefuka, mpaka wifi akaanza kunitafuta kwa macho kana kwamba nimeziba kitu tena.

Halafu mke wangu akajibu. Alichelewa kuingia palepale.